Chipu Iliyoanikwa Juani

Mtu akipanda ngazi za duka langu polepole na kupumzika katikati, huyo ni mteja. Wakusanyaji wa kaseti za zamani za michezo ya video hupanda mbiombio, wanakagua rafu, wananifundisha kazi yangu, kisha wanashuka mikono mitupu. Bi Fusae alipumzika mara mbili. Alipofika juu alikuwa amekumbatia kifurushi cha kitambaa cha zambarau, jasho linamchuruzika shingoni, na kabla hajakaa akaniuliza kama mlango wangu unafungwa kwa ndani.

"Unafungwa, mama. Kwani unafukuzwa na nani?"

"Sifukuzwi. Ila mume wangu hajui kama nimekuja."

Nikasema moyoni, haya, yale yale. Hapa Nipponbashi, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, wake huniletea michezo ya waume zao kwa siri ili kabati lipate nafasi, na mimi huwarudisha na maneno mawili ya kuwasindikiza. Nilishayaandaa. Lakini alipofungua kitambaa nikayameza.

Haikuwa kaseti ya dukani. Lilikuwa bamba la kijani tupu, bila ganda, lenye meno ya shaba upande wa chini na chipu mbili ndefu mgongoni. Kila chipu ilikuwa na kidirisha cha kioo juu yake. Kidirisha cha kwanza kilifunikwa kwa stika ya rangi ya fedha. Cha pili kilikuwa wazi, kimebaki na alama ya gundi kavu tu.

"Stika ya hii iko wapi?" nikauliza.

"Ilidondoka."

"Lini?"

"Zamani. Niliikuta verandani wakati nafagia, nikajua ni takataka."

"Verandani? Mama, kitu hiki kilikuwa kinafanya nini verandani?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekosea. "Mwanangu, mvua za Juni zikiisha wewe huaniki vitu vya ndani?"

"Sina cha kuanika."

"Basi mimi ninavyo. Kimono, vitabu, wanasesere wa marehemu mama, vyote hutoka nje vikapigwa jua. Mama mkwe alinifundisha hivyo, kwamba ukungu ukiingia kabatini haubishi hodi. Na kitu hiki ndicho mume wangu anachokipenda kuliko vyote. Ningekiacha kioze? Kila mwaka nilikiwekea mahali pazuri kabisa, penye jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Nilikuwa nakigeuza pia, kipate jua pande zote."

Nikavuta kiti nikakaa. Nikikasirika nikiwa nimesimama huwa nasema mambo ya kujutia.

Chipu za aina ile huandikwa kwa umeme na kufutwa kwa jua. Kidirisha kimewekwa makusudi, ili mtengenezaji akikosea aifute aandike upya. Akimaliza kazi anabandika stika, na stika ile ndiyo kinga pekee iliyopo. Bila stika, kila saa ya jua inakula kidogo, na kinachoondoka hakina pa kukitafuta. Nikamweleza hivyo, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu sijui kusema namna nyingine. Rangi ikamtoka usoni. Akashika ukingo wa meza yangu.

"Alinikataza kubandua karatasi zile," akasema. "Hakuniambia kwa nini. Na mimi sikubandua, fundi. Naapa sikubandua. Ilidondoka yenyewe."

Kisha yote yakamtoka kwa mkupuo. Mume wake, Kuramoto Teiji, alipokuwa kijana aliutengeneza mchezo ule peke yake katika kampuni ndogo ya watu wanne. Kampuni ikafa kabla kaseti haijaenda kiwandani. Bamba lile ndilo pekee lililokuwepo duniani, na tangu siku ile alilifungia kabatini, hakutaka kuliona wala kulisikia likitajwa. Sasa alikuwa mzee na macho yake yanakufa. Ukungu mweupe ulianzia pembeni, unasogea ndani mwaka hadi mwaka. Daktari alimwambia wazi kwamba siku ukungu utakapofika katikati, mambo yamekwisha. Ndipo mzee akasema anataka kuuona mchezo wake ukicheza mara moja, kabla ya siku hiyo. Alisikia habari zangu kwa watu, akamwambia mkewe watakuja Alhamisi.

"Nilipolitoa kabatini nikaona karatasi moja haipo," akasema Bi Fusae. "Nikaja mbio kabla yake. Nakuomba, fundi. Litengeneze. Na usimwambie. Ajue lolote lile, lakini hilo asilijue."

"Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na kiniumbue. Lakini kwanza auone mchezo wake."

Sipendi uongo. Si kwa utakatifu, ni kwa sababu waya hazidanganyiki, na nimezoea kuishi nazo. Lakini yule bibi alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake mapajani, nikasikia mdomo wangu ukisema sawa, sitasema. Papo hapo nikakata kipande cha plasta nyeusi nikakifunika kidirisha. Nilikuwa nafunga zizi na ng'ombe wamekwishaibiwa, lakini huenda alibaki ndama. Akaniachia bamba nilipime; mumewe angemwambia kwamba amelitanguliza kwangu.

Kisomaji cha kununua, kile chombo cha kunakili yaliyomo kwenye chipu, hakikufaa. Kwanza, kampuni ile ndogo ilijipangia meno ya bamba lake kwa utaratibu wake yenyewe, na visomaji vya dukani vingelishwa upepo tu. Kuzing'oa chipu nazo haikuwezekana: miguu yake ilikuwa imeshika kutu, ningeivunja. Pili, vya dukani hutoa volti tano, basi. Mimi nilihitaji kuzipunguza. Chipu iliyoliwa na jua ni kama mzee anayenong'ona. Ukimpigia kelele husikii anachojibu. Ukishusha umeme taratibu, zile herufi zilizofifia huweza kusikika tena. Ukiushusha kupita kiasi, chipu yote hunyamaza.

Basi nikaunda changu. Niling'oa tundu la kaseti kutoka kwenye mashine moja ya michezo, nyekundu na nyeupe, iliyokufa kifo cha kawaida, nikalisugua mpaka likang'aa. Nikapima kila jino la bamba kwa mita, hili linakwenda wapi, lile linarudi wapi, shingo ikanikakamaa. Kisha nikalehemu waya moja moja hadi kwenye kibao kidogo chenye akili ambacho kingeongea na kompyuta yangu. Kazi yake ni kama ya mpiga hodi: anakwenda nyumba ya kwanza, anauliza "humu mna nini?", anaandika jibu, anakwenda ya pili, mpaka mtaa umalizike. Umeme nikaupitisha kwenye nobu ya kuzungusha, ili niushushe kwa mkono wangu mwenyewe.

Sindano mpya haijaribiwi kwa mgonjwa mahututi. Nikalehemu tundu la pili, la kawaida, nikachomeka kaseti yangu ya besiboli ambayo hakuna anayeitaka. Nikasoma, nikapata takataka tupu. Nikasoma tena, takataka zile zile. Hiyo ilinifurahisha, maana takataka zinazojirudia zina sababu. Nikazifuata waya kwa kidole nikakuta mbili nimezipishanisha. Nikajitukana kwa jina la ukoo, nikazirekebisha, na kaseti ya besiboli ikasomeka yote. Bamba la Kuramoto sikulichomeka. Mwenye mali lazima awepo. Hiyo ndiyo sheria ya duka langu.

Alhamisi wakaja alasiri, jua la Agosti linachoma lami. Mzee Kuramoto alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya majani kichwani, mkono mmoja begani kwa mkewe. Alipoingia aligonga rafu yangu ya kushoto, kaseti tatu zikaanguka.

"Hili duka au ghala?" akasema.

"Ni duka, mzee. Wenye macho hupita katikati."

Bi Fusae akashtuka. Mzee akacheka kicheko kikubwa kuliko mwili wake. "Huyu nampenda," akamwambia mkewe. "Wengine wote wananisemesha kama nimeshakufa. Haya binti, mashine yako iko wapi?"

"Binti wa miaka arobaini na tisa? Asante, mzee. Ndiyo hii."

Akaiinamia mpaka pua ikakaribia kugusa waya. Akapapasa tundu, kibao, nobu. Mikono yake haikuuliza maswali. "Umepitisha umeme kwenye nobu," akasema. "Kwa hiyo unategemea udhaifu."

"Nategemea uzee."

"Mh." Akachukua bamba lake, akalileta karibu kabisa na jicho la kulia, akalizungusha polepole. Nikaona kidole gumba chake kikipita juu ya stika ya fedha, kisha juu ya plasta yangu nyeusi, kisha kikarudi.

"Hapa palikuwa na stika. Niliandika kwa mkono wangu, 'picha'. Iko wapi?"

Bi Fusae alikuwa anajipepea kwa pepeo la karatasi. Likasimama.

"Ilikuwa imekauka," nikasema. Ulikuwa ukweli, na ulinikera kuliko uongo.

"Imekauka. Lakini ilikuwepo?"

"Nimefunika mimi, mzee. Plasta hiyo haipitishi kitu."

"Afadhali," akasema. "Maana jua likiingia mle, kwaheri. Sisi tulikuwa na kijana ofisini aliyeacha moja dirishani, wiki moja tu. Tulimtania mpaka akaacha kazi." Akacheka peke yake. "Shukuru Mungu, yangu imekaa kabatini."

Sikuthubutu kumtazama Bi Fusae. Nikachomeka bamba.

Tulianza na chipu ya kwanza, ile yenye maagizo ya mchezo. Nikaweka volti tano, nikasoma mara mbili, nikalinganisha majibu. Yalifanana kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. "Nzima," nikasema, na mzee akapiga paja lake kofi. "Nilijua! Nilijua! Fusae, umesikia? Nzima kama yai!"

"Nimesikia, baba."

Kisha chipu ya picha. Nikasoma mara mbili. Nikalinganisha. Kompyuta ikaanza kutaja nyumba zisizolingana, mistari ikateremka kwenye skrini kama maji ya mfereji, ikateremka, haikuacha. Mzee hakuweza kuisoma, lakini aliisikia feni ya kompyuta ikizidi kukazana.

"Ngapi hazilingani?"

"Nyingi."

"Nyingi ngapi?"

"Mzee, nikikutajia utafaidika nini? Ngoja nishushe."

Nikazungusha nobu kwa unywele. Volti nne na nukta nane. Nikasoma, nikasoma tena. Mistari ikapungua. Nikashusha tena. Ikapungua tena. Mwilini nilikuwa natoka jasho hadi kwenye kope, na kiyoyozi kinanguruma bure. Chipu nayo ilianza kupata joto, na joto kwa chipu dhaifu ni adui wa pili.

"Mama, ipepee," nikasema.

Bi Fusae akapiga magoti mbele ya meza yangu akaanza kuipepea chipu kwa pepeo lake la karatasi, taratibu, kama anapepea wali wa siki wa sherehe upoe. Hakuinua macho.

"Mke wangu anampepea mtoto wangu," mzee akasema. "Miaka yote hii hata hakutaka kuligusa bamba hilo, leo analipepea."

"Hebu nyamaza, baba," akasema Bi Fusae. "Fundi anafanya kazi."

Volti nne na nukta nne. Sasa mistari ilikuwa michache, naweza kuihesabu kwa macho. Nikaweka akiba kila usomaji, maana nyumba iliyonyamaza mara hii huweza kujibu mara ijayo. Volti nne na nukta tatu. Nafuu zaidi. Nikapata tamaa. Nikashusha tena, na chipu ikakata kauli. Kila nyumba ikajibu jibu moja, tupu, tupu, tupu.

"Imekuwaje?" mzee akauliza.

Nikapandisha nobu. Tupu. Nikapandisha zaidi. Tupu. Bi Fusae alikuwa hapepei tena. Alikuwa amelishika pepeo kifuani kwa mikono miwili. Nikazima kila kitu. Nikawaambia hakuna mtu kugusa meza. Tukasubiri chipu ipoe, treni ikapita mbali, mimi nikawaza kwamba nimemuua mtoto wa watu kwa tamaa yangu ya nukta moja.

Nikawasha. Volti nne na nukta nne. Nikasoma.

Ikajibu.

"Ipo," nikasema, na nikagundua nilikuwa nimejiuma ulimi mpaka damu.

Sikujaribu tena ushujaa. Nikaisoma mara nyingi pale pale, kompyuta ikachagua kwa kila nyumba jibu lililorudiwa zaidi. Lakini nyumba nyingine zilijibu tupu kila mara, kwa volti yoyote, na nilijua kwa nini. Huko jua lilishamaliza.

Mzee Kuramoto alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake: "Chipu zote mbili nilizinunua siku moja. Zimelala kabati moja. Hii nzima, hii imeoza. Umri unachagua?"

"Umri una mambo yake," nikasema.

"Fundi, wewe ni mtu wa nyaya. Usinijibu kama mganga."

"Nimekujibu, mzee. Tuuone mchezo kwanza."

Hakuniamini. Lakini tamaa ya kuuona mchezo ilikuwa kubwa kuliko shaka yake, akaacha kuhoji. Nikaandika yaliyosomwa kwenye chipu mbili mpya, nikazitia kwenye kaseti tupu ninayoitumia kwa majaribio, nikaichomeka kwenye mashine nyekundu na nyeupe iliyo hai. Nikavuta televisheni yangu ya zamani yenye mgongo mkubwa mpaka ikafika usoni kwake. Akavua kofia. Akashika kidude cha kuchezea kwa vidole gumba viwili, na mimi nikasukuma swichi.

Kwanza ukaja muziki. Ulikuwa mlio wa tarumbeta ya muuza tofu, ile jibini laini ya soya, mlio wa jioni vichochoroni ambao sisi sote tuliokulia huku tumeukimbilia nje na bakuli mkononi. Mzee akatoa sauti fupi, kama aliyechomwa. Kisha kichochoro kikatokea: nyumba za mbao, nguo kwenye kamba, muuza tofu na mkokoteni wake, mbwa anamfuata nyuma. Kila kitu kilitembea. Muuza tofu alipunga mkono. Ila mapaa ya nyumba yalikuwa yameliwa, badala yake kuna madoa meupe. Ukuta wa bafu la umma la mtaa ulikuwa na tundu jeupe katikati. Mbwa alikuwa na miguu minne, mkia unaotikisika, na hana kichwa.

Kuramoto hakubonyeza kitu. Muuza tofu akasimama kichochoroni akisubiri, tarumbeta ikajirudia, ikajirudia.

Akasugua jicho la kulia. Akasogea karibu. Akasugua tena.

"Fusae," akasema.

"Naam, baba."

"Kuna weupe katikati."

Akainamisha kichwa kushoto, akakirudisha kulia.

"Pembeni nimezoea. Pembeni kulikuwa kumeshakwenda. Lakini huu uko katikati kabisa." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anatoa taarifa. "Mbwa simwoni kichwa. Nilimchora mwenyewe, alikuwa na sikio moja limelala. Simwoni. Basi ukungu umefika. Daktari alisema ukifika katikati…" Akaweka kidude magotini. "Afadhali nimesikia tarumbeta."

Nikamtazama Bi Fusae. Ilikuwa nyepesi mno. Hakuhitaji hata kudanganya, ilitosha anyamaze. Mzee angeshuka ngazi zile akiamini macho yake yamekufa siku ile, angeomboleza, angezoea, na siri ya veranda ingebaki verandani. Mimi nilikuwa nimeahidi. Nikasema moyoni, nitahesabu mpaka kumi, kisha ahadi na ivunjike, na huyu mama anichukie mpaka kaburini.

Sikufika mbali.

"Si macho yako," akasema Bi Fusae.

Mzee akageuka.

"Mbwa hana kichwa, baba. Hata mimi simwoni. Mapaa hayapo. Ukuta wa bafu una tundu. Macho yako hayana kosa, ni chipu. Imeliwa na jua." Alikuwa bado amepiga magoti, mikono sakafuni. "Mimi ndiye nilikuwa naianika. Kila mwaka, pamoja na kimono. Stika ilidondoka nikaitupa. Nilitaka isiote ukungu."

Nilitegemea ngurumo. Uso wa mzee ulikusanyika wote, mishipa ya shingo ikamsimama, na mkono wake ukapanda juu, nikainuka nusu kwenye kiti. Mkono ukabaki hewani, haujui unakwenda wapi.

"Kila mwaka?" akasema.

"Kila mwaka."

"Verandani kwetu?"

"Upande wa jua. Na nilikuwa naigeuza, ipate pande zote."

"Pande zote!" akafoka. "Mwanamke wewe! Maisha yangu yote yako mle, unayageuza kama samaki mkavu!"

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha! Nyamaza! Nataka kufikiri!" Akageukia televisheni, kifua kinapanda na kushuka. Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo. "Hapa. Nyumba ya pili. Wewe unaona nini?"

"Mlango. Na ndoo. Paa hamna."

"Ndoo rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu," akasema. "Naiona. Hapa juu ya kamba?"

"Shati, na soksi moja. Ya pili imeliwa nusu."

"Nusu ya chini?"

"Nusu ya chini."

Akaendelea hivyo, anagusa, anauliza, naye anajibu kutoka sakafuni huku machozi yanamdondokea mikononi. Kila alichokiona yeye, mkewe alikiona. Kila kilichokosekana kwake, kilikosekana kwa mkewe pia. Kidole chake kikapita kichochoro kizima, mpaka mwisho wa kioo.

"Basi bado ninaona," akasema. "Katikati bado ninaona."

"Unaona, baba."

Akafunika uso kwa mikono miwili akalia, kwa kwikwi kubwa za mtu asiyezoea, na mimi nikajishughulisha na waya ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Alipomaliza alijifuta kwa kofia yake. Hasira haikuwa imekwisha. Ilisikika bado kwenye sauti, na nadhani aliondoka nayo, wakaendelea nayo nyumbani kwa muda mrefu.

"Inuka hapo chini," akamwambia mkewe. "Kaa hapa. Si huko, huku kushoto, huku ndiko nisikoona. Kuna paka wanaokuja kuiba tofu. Akitokea paka, useme."

Bi Fusae akaketi pembeni yake, bega kwa bega, akajifuta pua kwa kitambaa cha zambarau. Mzee akashika kidude, akabonyeza, na muuza tofu akaanza kusukuma mkokoteni wake kichochoroni, mbwa asiye na kichwa nyuma yake.

"Paka!" akapiga kelele Bi Fusae. "Baba, paka, paka!"